Kihisi cha Oili na Kazi Yako ya Mwisho

Papa,

Ni mimi Ngoie, binti yako. Karakana bado ipo. Ile spana ya kumi na saba uliyoigombania na kila mtu nimeikuta ndani ya kiatu chako. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya lori la Mama Kapinga, lile linaloleta samaki wakavu kutoka Kinkondja. Injini yake ya dizeli ndiyo kazi yako ya mwisho. Juma lililopita lori lilirudi, taa nyekundu ya oili inawaka. Mama Kapinga akasema, "Ukate ile waya, kama Papa yako alikuwa anafanya." Na kweli ulikuwa unaikata! Kwako injini ilikuwa ya kusikilizwa tu; ulisema, "Taa inasemaka bongo, mutoto. Masikio njo inajua motere."

Mimi, mbishi kama ulivyonizaa, nilitaka kuuona huo uongo kwa macho. Nikachukua kihisi kibovu cha lori jingine, kile kidude kinachopima oili na kuwasha taa, nikakipasua kwa msumeno. Unajua mna nini ndani? Kisahani chembamba cha chuma, basi! Oili inakisukuma, nacho kinabonyea kidogo, kama kifuniko cha kopo la nyanya ukikikandamiza kwa dole gumba. Mgongoni kina vijinyuzi. Vikivutika, umeme unapita kwa shida zaidi. Kompyuta ya injini inapeleka volti tano na kusoma zinazorudi. Ikirudi nusu volti, hakuna shinikizo. Zikikaribia nne na nusu, limejaa. Papa, nilikaa nacho asubuhi nzima, chai ikapoa.

Kisha nikafungua kihisi cha lori la Mama Kapinga, nikafunga saa ya mshale ya kupimia shinikizo kwenye tundu lile lile. Nikawasha. Mshale ukabaki chini. Kihisi kilikuwa kimesema kweli.

Nikashusha bakuli la oili lililo chini ya injini. Chujio lilikuwa limezibwa na vipande vya gundi nyekundu, ile uliyopenda kuipaka nene ukingoni mwa bakuli ili oili isivuje. Ni mkono wako, Papa. Mama Kapinga alisimama pale, akauliza, "Njo nini?" Ningeweza kusema ni oili chafu tu. Jina lako ndilo linaloniletea wateja.

Nikamwambia, "Njo kazi ya Papa. Aliweka gundi mingi."

"Kumbe naye alikuwa muntu tu," akasema, akavuta kiti asubiri nimalize.

Pumzika, Papa. Nakuahidi: kosa lako lolote nitakalolikuta nitalitaja kuwa ni lako, na nitalitengeneza kwa mikono uliyoifundisha wewe.

Binti yako,
Ngoie