Sketi Iliyopunguzwa Kiuno

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

"Watoto hutaniana, dada. Atazoea." Hayo ni maneno yako, nami nayakataa hata kabla ya salamu. Mtu huzoea baridi, huzoea kelele za jirani. Mtoto wa miaka kumi na miwili hazoei kuchekwa unene wake kila anapoinuka kujibu swali. Anachojifunza ni kutoinuka.

Natumaini hamjambo, wewe na wifi. Mimi mzima, ila mgongo tu na hizi meza za gazetini. Sasa niambie: binti yako ameniambia kwenye simu kwamba darasa zima linamwita Tisini na Sita. Kipimo cha kiuno chake wamekijuaje?

Dada yako

Tarehe 19 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi tuko salama. Pole na mgongo.

Kosa ni langu, sikatai. Unajua ndimi ninayeshona sare za shule yao. Vipimo vya wanafunzi huviandika kwa chaki ukutani, juu ya cherehani, kila kimoja na jina la mwenyewe, nisihangaike na daftari. Na chake nilikiandika humo humo. Wenzake walikuja kupimwa, wakasoma. Nimeshafuta.

Lakini nimepata dawa. Sketi yake mpya nimeipunguza kiuno sentimita kumi. Nimemwambia ikimtosha, wataacha. Mwalimu wa michezo naye anamkimbiza uwanjani peke yake, wenzake wameketi. Chakula cha jioni anakiacha mwenyewe. Amepungua, dada. Mama yake anampigia makofi.

Mdogo wako

Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu,

Hamjambo? Nauliza kwa kuwa nataka jibu, hasa la mtoto.

Eti dawa! Wanaotukana wameachwa, anayetukanwa ndiye anayepunguzwa. Mwizi akivunja duka lako, utabomoa duka? Miaka ishirini unapima watu, na hujamkaripia mteja hata mmoja kwamba kakizidi kitambaa. Unaongeza kitambaa. Kwa mwanao umekata.

Ifumue sketi hiyo leo. Nenda kwa mwalimu mkuu, umtajie wanaomtukana, na huyo wa michezo pia. Mpeleke mtoto kwa daktari. Nijibu upesi.

Dada yako

Tarehe 8 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua yako ilinikasirisha, nikaitupia kwenye droo ya vifungo.

Jumatatu alianguka mstarini, asubuhi, mbele ya shule nzima. Leo ni siku yake ya tatu wodini. Daktari anasema kwa wiki kadhaa amekuwa akiishi kwa chai na maji, na moyo wake unapiga polepole mno. Nilipofika mlangoni nilimsikia akimjibu nesi.

"Baba alisema sketi ikinitosha wataacha. Imenitosha. Hawajaacha."

Sasa wanamwita Mfuko Mtupu.

Akiniona anageukia ukuta. Mama yake analia tu. Sijui nimwambie nini.

Mdogo wako

Tarehe 10 Aprili

Mdogo wangu, na wewe wifi, someni pamoja.

Hali zenu siziulizi, nazijua. Nilikuwa na maneno makali, nimeyachana. Wiki sita nilingoja jibu lako kana kwamba nabishana na msomaji wa gazeti, na simu ninayo mkononi. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe.

Nimeomba ruhusa kazini, nitafika Jumatatu. Shuleni nitakwenda mimi, na sitaondoka kabla mwalimu mkuu hajaniambia atafanya nini, kwa nani, lini.

Msinisubiri. Wifi, futa machozi kabla ya kuingia. Mpe chakula kama daktari alivyoagiza, na wewe ule naye. Usimsifu kwa kupungua, usimhurumie kwa kukonda. Mwili wake usiutaje kabisa.

Na wewe mdogo wangu, ukimaliza kusoma nenda wodini, vuta kiti ukae kando ya kitanda chake. Akikupa mgongo, ongea na huo mgongo. Mwambie uliyekosea ni wewe, yeye hana kosa. Ukishasema hivyo, nyamaza. Usiongeze "lakini".

Dada yako