Karasha Iliyofungwa Spika

Jumanne, 8 Julai

Kabula ametumbukiza kipande cha kiazi ndani ya gitaa la baba yake sasa hivi. Ana mwaka na nusu, kila tundu anataka kulilisha. Juzi kiatu changu. Jana chupa ya mafuta. Nimekitoa kwa vidole na gitaa nimelirudisha ukutani haraka. Baba Kabula hataki mtu aliguse siku hizi, hata kulipangusa vumbi.

Mama mkwe ameondoka asubuhi kurudi Didia. Leo alimwogesha mtoto mwenyewe, akamvalisha mwenyewe, mimi akaniambia nipumzike. Sijazoea.

Bendi yao, Mashudu, watu watatu na ngoma moja mbovu, imetoa albamu ya roki wiki tatu sasa. Leo redioni wameichambua. Tulikaa kusikiliza kama tunangoja matokeo ya darasa la saba. Mtangazaji akasema: "Huu si muziki. Hii ni karasha imefungwa spika." Karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nikazima redio. Baba Kabula akaiwasha tena, akasikiliza mpaka mwisho. Ugali hakuumaliza.

Alhamisi, 10 Julai

Maajabu. Wachimbaji wa Geita wamelipenda lile tusi. Kutwa nzima wanatuma sauti kwenye simu ya Baba Kabula. Tupeni karasha yetu. Lini mnaleta karasha huku. Mmoja ameusikiliza wimbo wa "Duara" mpaka bando likaisha. Mwingine alikuwa analia, nimemsikia mwenyewe. Mwanaume mzima analilia kelele za gitaa. Sielewi. Mimi sijawahi kuumaliza wimbo huo, unamwamsha mtoto.

Jirani yangu Mama Neema alikuja kuomba chumvi, akakaa. "Mwenzangu, kelele zile watu wazipende bure? Muulize mumeo samba kaitoa wapi."

Samba ni dawa ya wacheza ngoma wa kwetu, ya kuvuta watu uwanjani. Nilicheka. Akasema samba hailipwi kwa mganga, inajilipa yenyewe nyumbani, na huanza na mdogo. Sikucheka tena.

Kabula ana joto.

Ijumaa, 11 Julai

Zahanati tangu asubuhi. Malaria. Wamempa dawa mseto ya siku tatu. Sijawahi kufurahia malaria, leo nimeifurahia. Ina jina.

Nimerudi nyumbani, nakuta sisimizi wamepanga foleni ukutani mpaka kwenye gitaa. Makombo ya kile kiazi. Nikaligeuza gitaa nilikung'ute. Kikadondoka kifurushi. Kitambaa cheusi, uzi mweusi, ndani kuna mzizi.

Nikafunga mlango.

Ndiyo maana hataki liguswe. Ndiyo maana wanalia huko Geita. Na mtoto wangu anachemka.

Nimekitupa chooni. Nikamwagia chumvi yote iliyobaki. Nimesali rozari nzima. Sijamwambia Baba Kabula. Aliniuliza nina nini, nikasema kichwa. Nilimtazama anavyombembeleza Kabula nikajiuliza, huyu ni yupi.

Jumapili wanapiga Didia. Uwanja mmoja na wacheza nyoka, kama desturi baada ya mavuno: makundi mawili yanapiga wakati mmoja, watu wanakwenda kwa anayewavuta. Basi nitaona. Wakimkimbia, ilikuwa dawa. Naogopa wamkimbie. Naogopa na wasipomkimbia, nitasema anayo nyingine.

Jumapili, 13 Julai, jioni, kwa mama mkwe

Niandike kabla sijasahau.

Mwanzoni watu walikuwa nusu kwa nusu. Kisha wale wacheza nyoka wakamtoa chatu kwenye kapu. Wote wakahama, hata watoto wa shemeji zangu. Upande wetu wakabaki wachimbaji waliokuja na lori. Moyo ukaniambia, umeona sasa. Nilimwonea mume wangu huruma na hasira, vyote kwa pamoja.

Katikati ya "Duara" jenereta likazima. Baba Kabula akabaki kasimama na gitaa la umeme lisilolia. Upande wa pili ngoma na vigelegele. Nikasema nimemmaliza kwa mkono wangu.

Wachimbaji hawakuondoka. Wakaendelea kuimba wenyewe. Ule mstari ambao Baba Kabula anamwita mdogo wake, Shija, aliyefukiwa na duara, shimo la dhahabu, mwaka tuliooana: Shija, vuta kamba. Lakini hawakusema Shija. Mmoja alisema Paulo. Mwingine Maduhu. Kila mmoja na wake. Mzee mmoja akatoka kwenye nyoka, akaja taratibu, akavua kofia, akasema Ngassa. Wengine wakamfuata, bila kukimbia. Si wote. Chatu naye alibaki na wake.

Mama mkwe alisimama kando yangu. Akasema Shija, kwa sauti ndogo.

Pale hapakuwa na dawa. Dawa iko chooni kwangu Nyahanga.

Jumatatu, 14 Julai

Bado tuko Didia. Asubuhi tulikuwa tunachambua choroko, mama mkwe akaniuliza bila kuniangalia. "Mayu, kale kafurushi nilikomfunga mjukuu wangu kiunoni Jumanne, mbona sikaoni?"

Nikauliza kafurushi gani.

"Ka meno, yaote bila homa. Nilikaficha, nilijua utakataa, wewe mtu wa kanisa."

Nikakikumbuka kiazi. Nikakumbuka vidole vya Kabula. Nikasema kamepotea. Akamshika mtoto paji la uso. "Homa imekwisha? Basi kamefanya kazi." Akaendelea na choroko zake.

Nimeazima simu, nimesikiliza albamu nzima, mara ya kwanza. Kelele bado ni kelele. Yule wa redio hakukosea, ni karasha kabisa. Shija alishika kazi kwenye karasha kabla ya kushuka duarani. Baba Kabula hajawahi kuniambia kwamba ndiyo maana gitaa linasaga vile. Sijawahi kumuuliza. Nilimuuliza mama yake leo.

Na gitaa la nyumbani lilikuwa la Shija. Hilo nalo nimelijua leo.

Siku tatu nimelala na mume wangu nikimwona mchawi. Leo namwambia, kabla hatujapanda basi. Nitaanza na sisimizi, nirudi kwenye kiazi, halafu nimwambie kwamba Jumapili yote mimi nilikuwa nasubiri watu wa

Ananiita huko nje. Anasema Mama Kabula njoo, mtoto kakamata gitaa tena, hili la umeme, tundu la waya kaliona, ana choroko mkononi na anataka kuzi