Shikamoo, Mama wa Kambo

Ganda, 5 Agosti 2025

Mke wangu mdogo Vivian,

Hujambo huko Kilifi? Huku tu wazima, ila goti langu moja limehamia upinzani. Bibi yako Kadii asema kama umenichoka useme mapema, aache kuona wivu bure.

Sasa sikiliza. Mheshimiwa Kambi, huyo unayemwandikia hotuba, alipokuja mwaka jana na vijana wake kusafisha kijiji, aliingia kwangu bila hodi akang'oa kigango cha marehemu baba yangu, kile kinguzo tulichomsimikia kumkumbuka. Wengine huona ubao wa kuchongwa; kwetu ni baba mwenyewe, na hahamishwi. Akatangaza kanisani kuwa amechoma mashetani. Nililia, nawe wanijua.

Jana Masha, bawabu wa Bi Moraa, yule tajiri wa mahoteli anayemlipia Mheshimiwa kampeni, kaniambia: "Mzee, babako yuko Malindi. Kasimamishwa kwenye baa ya nyumbani kwa tajiri wangu, kavikwa kofia."

Mwulize bosi wako: jivu huvaa kofia?

Mume wako,
Babu Mwaringa

Kilifi, 10 Agosti

Babu,

Shikamoo. Goti laendeleaje? Bibi mwambie simwachii mume.

Nilimwuliza. Alifunga mlango kwanza, kisha akasema ni zawadi tu ya mti, na mwenye kazi asiichezee. Wajua kazi hii ndiyo inayomsomesha mdogo wangu Everlyne.

Jumamosi Bi Moraa anamfanyia karamu ya wafadhili nyumbani kwake, mada ni maadili ya ndoa. Waandishi wa habari wamealikwa. Kwa hivyo nakusihi usije, Babu. Usije alasiri, usipitie lango la nyuma analolinda Masha, wala Bibi asilete mikeka na wenzake.

Mjukuu wako,
Vivian

Ganda, 17 Agosti

Mke wangu,

Salamu nyingi. Umekataza vizuri sana. Bila hivyo hata njia tusingeijua.

Uliniona, ingawa ulijifanya wahesabu vikombe. Nilimkuta baba kando ya chupa, nikamvua kofia, nikammwagia tembo la mnazi kidogo. "Baba, pole kwa safari." Halafu nikampigia Bi Moraa lile goti bovu.

"Shikamoo, mama."

"Mzee, mimi mama yako tangu lini?"

"Tangu umweke baba yangu kwako. Harusi hatukualikwa, lakini mshenga twamjua. Yule pale, wa maadili ya ndoa."

Kamera zikamgeukia. Bi Moraa akafoka, "Kambi! Si ulisema umekinunua kwa fundi?" Mheshimiwa akajipangusa jasho kwa tai. Kadii naye akatandika mkeka kando ya bwawa la kuogelea: baba akihamia hapa, nasi tumehamia.

Bi Moraa alitaka kumrudisha kwa gari, na bahasha juu. Nimekataa vyote. Aliyemchukua amlete begani, kwa miguu kutoka barabara ya lami, mchana, watu wakiona. Na shimo achimbe mwenyewe. Asipotaka, kila mkutano wake tutakuwepo, twauliza hali ya mama wa kambo.

Mumeo,
Babu

Kilifi, 28 Agosti

Babu,

Shikamoo. Natumai nyote wazima.

Jumatatu nilifutwa kazi. Jumatano Mheshimiwa akanipigia mwenyewe, mpole kama paka aliyenyeshewa. Bi Moraa hatoi hata senti ya kampeni hadi "mume" atoke baa, maana marafiki zake wote sasa wamwamkia mama. Nimerudishwa.

Atakuja Jumapili. Aliuliza alete nini, nikamwambia jembe. Akaomba hotuba ya kusema akifika. Nimemwandikia neno moja tu: Hodi.

Mkeo,
Vivian

Ganda, Jumapili, 31 Agosti

Mke wangu,

Huku hatujambo, hata goti leo limetulia.

Hotuba yako nzuri. Bosi wako yuko langoni, jua la utosi, baba begani, jembe mkononi, kijiji kizima nyuma yake. Airudia tena na tena, na bila kipaza sauti ana sauti ya kawaida tu, kama mimi na wewe.

Tumemsikia. Bado twanywa chai.

Babu