Ndimu Katika Mashine ya Kahawa

Konde, Pemba

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, Mama. Vipi miguu yako, bado inakuwasha kwa maji ya mwani? Na Baba, kile kifua kimemwachia? Sisi huku ni wazima, alhamdulillah. Skuli naendelea vizuri, na Shangazi ananilea kama mwanawe wa kumzaa.

Nimeona nikuandikie kwa sababu nikipiga simu Shangazi hukaa ubavuni mwangu, na jambo lenyewe linanitia aibu. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu wanaokuja huko Wambaa kutoka huku.

Unaikumbuka mashine ya kahawa ya umeme, ile aliyoileta Dada Salma, binti yake Shangazi, kutoka Maskati. Iliharibika. Ukiiwasha inaguna kama mtu mwenye pumu, kisha inatoa matone mawili matatu basi. Baba Hamadi, bwana wake Shangazi, akasema, “Kitupeni hicho. Nitanunua nyengine.” Shangazi akamjibu, “Kaniletea mwanangu, haitupwi. Kwani weye ulipougua mguu nilikutupa?”

Mimi nikasema naweza kuitengeneza. Maji ya kisima cha huku yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika, na mwalimu wa kemia alitufundisha kuwa ukoko ule ni chokaa, na chokaa huliwa na kitu kikali. Nikakamua ndimu, nikaimimina mahali pa maji, nikaiacha inywe, kisha nikawasha. Ikakohoa, ikatema vipande vyeupe kama maganda ya yai, halafu maji yakaanza kutiririka. Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani kaolewa.

Mama, laiti ingeishia hapo. Baba Hamadi alifurahi, akasema, “Basi hii ndiyo nitakayomnywesha kaka yangu leo.”

Kaka yake ni Mzee Khamis. Unajua waligombana juu ya mikarafuu aliyoiacha marehemu baba yao, na tangu hapo Mzee Khamis hajakanyaga nyumba hii. Hata kwenye mazishi walikuwa wakisimama safu mbalimbali. Sasa alikuwa amekubali kuja baada ya alasiri, yeye na mkewe Bi Mkasi, wanywe kahawa, mambo yaishe.

Shangazi aliniambia, “Isuuze sana hiyo mashine, mwanangu.” Nikaitikia. Nikaisuuza mara moja tu, kisha nikatoka barazani kuwasimulia wasichana wenzangu jinsi nilivyoitengeneza. Nilisimulia kwa muda mrefu.

Wageni walipofika nikatia kahawa na tangawizi, nikawasha. Siku hiyo nilikuwa nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani, kwa hiyo sikuonja. Lakini Mama, kwako siwezi kujificha nyuma ya saumu. Ustadhi wetu wa chuoni alitufundisha kuwa mpishi akiwa na haja huonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na saumu yake haiharibiki. Nilijua hivyo. Sikuonja kwa sababu nilijiamini.

Nikapeleka sinia, nikarudi nyuma ya pazia. Baba Hamadi alikuwa hajanywa, anamngoja mkubwa wake. Mzee Khamis akanywa funda moja. Akakiweka kikombe sakafuni, akakisukuma mbali kidogo kwa vidole.

“Mbona hunywi, kaka?” Baba Hamadi akauliza.

“Inatosha.”

“Inatosha vipi, nawe hujanywa?”

“Hamadi, mtu akikualika kwake, basi akualike kwa moyo.”

“Kumbe hukuja kupatana! Umekuja kunidharau mbele ya mke wangu!”

Nikalichukua tone lililobaki kwenye jagi, nikaligusisha ulimi, nikatema. Ilikuwa ndimu tupu, Mama, ukali juu ya uchungu. Nikajua la kusema. Na sikulisema. Nilikuwa nimesifiwa tangu asubuhi, na nikaona uzito kusimama mbele ya watu wazima niwaambie ni mimi. Nikamsikia Mzee Khamis anauliza viatu vyake viko wapi. Nikamsikia Shangazi analia. Hapo ndipo nilipotoka, nikasema:

“Mzee, ni ndimu. Niliitengeneza mashine kwa ndimu na sikuisuuza vizuri. Baba Hamadi hajui. Ni kosa langu.”

Wote wakanitazama. Baba Hamadi akachukua kikombe chake, akanywa, uso ukamkunjamana. Bi Mkasi ndiye aliyesema mwanzo: “Miye nimekimaliza changu chote. Nilidhani ndiyo kahawa ya Kiarabu.”

Shangazi akacheka huku machozi yanamtoka. Mzee Khamis hakucheka. Alivaa viatu, akasimama mlangoni akasema, “Ijumaa nitapita. Iwe imetakata.” Akaondoka.

Sijui nilivyolala siku zile. Niliisuuza mashine mpaka Shangazi akanikataza, akasema nitamaliza kisima. Barazani sasa wananiita Bi Ndimu. Na Baba Hamadi, ambaye alikuwa halitaji jina la kaka yake, kila akiingia anauliza, “Imetakata? Khamis hapendi tangawizi nyingi, usiizidishe.”

Jana baada ya sala ya Ijumaa Mzee Khamis alikuja, peke yake. Safari hii nilionja kabla, na haikuwa na ndimu hata chembe. Nikampelekea kikombe macho nimeyainamisha, sikuweza kumtazama. Akanywa taratibu, Baba Hamadi akimkodolea macho. Akanywa mpaka machicha.

“Bado ina ndimu,” akasema.

Kisha akaninyooshea kikombe nimtilie tena.

Mama, bado naona aibu, zaidi kwa ule muda niliosimama nyuma ya pazia nikanyamaza. Niombee dua nisirudie tena. Nisalimie Baba, na Bibi mzaa baba, mwambie dawa yake ya macho Shangazi ameipata. Nisalimie Fatma mdogo wangu, asiache kusoma, na Mjomba Juma, ndugu yako, nimemkumbuka sana. Shangazi anakusalimu, hajui nimekuandikia nini.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Rukia