Masale Kuzunguka Mahema ya Mzungu

Mama Evaresta, shikamoo. Nimeshika kalamu nikiwa sina raha, nakuomba unishauri kabla sijafanya jambo la kunitia aibu kanisani na kwa wakwe.

Mimi ni Mmeru, mjane wa miaka thelathini na tisa, naishi juu kidogo ya Makumira kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloniachia marehemu mume wangu Manase, na siku ya kumaliza matanga ukoo mzima ulitamka kwamba kihamba ni changu na wanangu wawili, ingawa hakuna aliyeandika. Sasa mwaka jana shemeji yangu Sumari, mdogo wake Manase, ambaye tangu biashara iwe huru hashikiki mjini, alikuja na Mzungu mmoja akasema shemeji, tupe kile kipande cha juu chenye nyasi tuweke mahema ya watalii kwa misimu miwili, hatukati mti, hatumwagi zege, siku tukiondoka hutajua kama palikuwa na mtu, nami nikakubali kwa sababu ni ndugu. Mama, hayo mahema si kama yale ya jeshi! Ndani kuna kitanda cha mninga, shuka nyeupe na zulia, maji ya kuoga yanapata moto kwa jua tu, na choo hakimwagiwi maji bali maranda ya seremala, eti ndiyo kutunza mazingira, nami najiuliza, mtu mwenye nyumba nzuri kwao atapandaje ndege aje kulala ndani ya turubai kama hana lake jambo? Halafu huyo Mzungu hataki jenereta, hataki redio, asubuhi anazunguka na darubini akiandika kwenye daftari, yeye anasema anatazama ndege, majirani wanasema anatafuta mali walizofukia Wajerumani, na mimi sipati usingizi. Hata seng'enge aliikataa, akasema inaumiza wanyama, ndipo mwezi wa Januari Sumari akapanda masale kuzunguka mahema yote mpaka kijitoni, na kwa jinsi jua lilivyokuwa kali mimi mwenyewe nilibeba miche na kuimwagilia. Kwa sura Mzungu ni mpole, kila nikipeleka maziwa ananishukuru kwa kazi nzuri, na Krismasi alinipa aproni mpya, ila Kiingereza sijui, Sumari ndiye anayetafsiri, na akitafsiri huwa anacheka.

Wanangu hawana pengine pa kwenda. Je, nimfukuze huyu Mzungu kabla hajaanza kuchimba?

Tabea, Makumira

Marahaba, Tabea. Pole kwa kufiwa na pole kwa hofu uliyo nayo. Umefanya vizuri kuwa na wasiwasi, lakini umeuelekeza kwa mtu asiye na kosa.

Umemchunguza Mzungu kuanzia chooni hadi kwenye darubini. Wapo watu wa namna hiyo, wamechoshwa na kelele za kwao na wanalipa ili walale pakavu, pasafi, wasikie ndege. Hakuna mali ya Mjerumani chini ya nyasi zako.

Ila wewe, mwanamke wa Kimeru, shemeji anapanda masale kwenye ardhi yako na wewe unambebea ndoo ya maji! Jamani, Tabea! Mimi ni Mchaga wa Machame, na kwetu kama kwenu masale ni mmea wa mpaka, mmea wa heshima usiochezewa. Mzungu aliomba uzio usioumiza wanyama, basi. Michongoma ipo, maua ya kila aina yapo. Sumari alichagua masale kwa sababu anajua maana yake, na anajua mgeni wake haijui. Kesho wazee watauliza mpaka uliwekwa lini, naye atajibu kwamba mjane mwenyewe alimwagilia. Tena hiyo aproni inanitia shaka kubwa. Mgeni hampi mwenye shamba aproni. Nina hakika ameambiwa wewe ni mpishi wa Sumari.

Sasa nisikilize. Using'oe hata mche mmoja kwa mkono wako, maana utashtakiwa wewe. Jumapili hii baada ya ibada nenda kwa mshili, yule mzee msimamizi wa ukoo wenu, na watu wawili waliokuwepo kwenye matanga, pamoja na mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kitongoji. Wapande wote wakayaone hayo masale, Sumari aulizwe mbele yao, na ayang'oe yeye aliyeyapanda. Yaliyotamkwa kwenye matanga yaandikwe na kutiwa sahihi. Muhtasari huo na cheti cha kifo uvipeleke Mahakama ya Mwanzo ukafungue mirathi. Kisha mtafute mwalimu anayejua Kiingereza, umwambie Mzungu kwamba shamba ni lako na mkataba wake ni na wewe. Akikubali, mahema yabaki, na maranda yake pia.

Sumari atakuita mchoyo, atasema unavunja ukoo. Mwache aseme. Wewe fanya haraka, kwa sababu masika ni mwezi ujao, na masale yakishashika mizizi hakuna mshili atakayethubutu kuyagusa, na mimi sitakuwa na ushauri mwingine wa kukupa.