Siku nilisingizia délestage

Jumanne, mwezi wa saba. Asubuhi baridi ilitukata masikio, saa sita vumbi nyekundu ikajaa mu macho. Ni muzuri, vumbi. Leo ilinisaidia kuficha macho yangu.

Hapa Kamalondo bantu bananiita Ingénieur. Hilo jina nilijipa miye mwenyewe. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini nilifika Ndola, nilifika Lusaka, nikaona mafundi ba kule banavyochunga mashine zao, nikarudi nikijua kila kitu. Karibu kila kitu.

Maman Ngalula, mwenye studio ya picha mu avenue yetu, alinipa seva yake niichunge. Ndani muko picha zote za studio: ndoa, ubatizo, batoto bachanga. Nikaweka programu ya kuilinda. Kitu kikianza kuharibika, inatuma neno ku simu yangu. Ile sauti niliipenda sana. Nikiwa ku bar, simu ikilia, ninasimama pole pole, ninanyoosha shati, ninasema, "Bandugu, seva inaniita." Banacheka, lakini banapisha njia.

Kisha délestage, kule kukatwa kwa umeme, ikazidi. Courant ikikatika, simu inalia. Ikirudi, inalia tena. Rafiki yangu Kasongo akachoka.

— Ingé, mutoto yako analia sana. Umunyonyeshe ao umulalishe.

Nikamulalisha. Ilifaa nitenganishe: habari za courant zinyamaze, habari za disk zilie. Ni kazi ndogo. Miye nikafunga mdomo ya programu nzima, nikaagiza bia.

Leo asubuhi Maman Ngalula ananiita mbio. Mu studio nikamukuta Kapinga, muuzaji wa samaki, jirani yangu. Mama yake alikufa jana. Alikuja kuomba picha ambayo mama alipigwa pale mwaka jana, amevaa pagne mupya ya kitenge, anacheka. Iwekwe mbele ya jeneza. Ingine haiko. Yule mama alikuwa anakimbia simu za bantu, zisimupige picha.

Disk ilikuwa imekufa. Niliichomoa, nikaichomeka, nikaibembeleza. Nikafungua programu, nikakuta mistari myekundu toka juu mpaka chini. Disk ilikuwa inasema inakufa. Disk ya kopi, ile ya kuweka akiba ya picha, ilikuwa inasema imejaa, haipokei tena. Zote mbili zilisema kila siku, na mwenye kusikia hakuwako.

Mwenye kusikia ni miye.

Maman Ngalula ananiangalia. Kapinga ananiangalia. Huu mdomo yangu unaochekesha avenue nzima ukafunguka peke yake.

— Ni délestage. Courant ilirudi na nguvu, ikachoma.

Hapa kwetu hakuna mutu wa kukataa neno hilo. Kila lupango, kila nyumba, iko na frigo ao televizyo iliyokufa hivyo. Kapinga akanishika mukono.

— Haina neno, kaka Ingé. Umejikaza. Courant ya huku, nani ataiweza?

Yeye, mufiwa, ananifariji miye.

Nikaenda ku kilio cha mama yake. Nilibeba viti, nilipasua kuni, nilichekesha bamama, juu hiyo kazi ya kuchekesha ninaijua. Pale picha ingesimama, baliweka kiti, na ile pagne juu yake, imekunjwa vizuri. Kapinga akanionyesha kwa bajomba yake.

— Huyu njo alipigana juu ya picha ya mama.

Bakanipa bukari, ugali wetu, na kipande kikubwa cha nyama.

Nikala.

Sasa nimetenganisha zile habari. Courant peke yake, disk peke yake, na simu inalia tena vile inapaswa. Nilimaliza mbele chai haijapoa. Njo hiyo kazi ndogo niliyoiacha, ile picha ikapotea.

Ninyi munaosoma hapa muko mbali, hamumujui Kapinga, na yeye hasomi hizi vitu. Kwa hiyo kuwaambia ninyi ni rahisi, hata siwezi kujisifu. Nikinyamaza, avenue haitajua kamwe. Hilo linaniogopesha kuliko hasira yake. Kila asubuhi atapita na beseni yake ya samaki, atanisalimia, atanishukuru tena, na miye nitaitika.

Kesho, mbele hatujaenda ku makaburi, nitamuita pembeni. Sitamuchekesha kwanza.