Kilo Tano Zisizo Zangu

4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Mimi mzima, ila viganja vimeota sugu kama vya mpasua kuni.

Leo wametupima hapa kambini. Si kilo tu, mama. Wanafunga uzi kwenye chuma tunachonyanyua, na kompyuta inahesabu kimepanda kwa kasi gani. Uzito mkubwa ukipanda polepole, nguvu inayoandikwa ni ndogo. Wanaihesabu kwa wati. Anayetaka kuingia timu ya taifa lazima afikishe 1,500. Mimi nimepata 1,590! Jina langu limebandikwa mlangoni.

Mwanao, Kijiti

13 Februari

Kijiti wangu,

Marahaba. Goti linauma nikipanda ngazi tu, nami sipandi.

Barua yako nimewasomea wapakiaji wote hapa ghalani. Mmoja akasema wati ni mambo ya balbu. Nikamjibu binti yangu anawasha mtaa mzima! Nina furaha hadi naona haya.

Mama yako

20 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi si mzima sana.

Nimefungua daftari la vipimo ninakili namba yangu. Kumbe kompyuta haijui uzito, mtu huuingiza kwa mkono. Kabla yangu walipimwa wanaume, na chuma chao kitupu ni kilo ishirini. Chetu ni kumi na tano. Zamu yangu ilipofika, walisahau kubadilisha. Nimehesabiwa kilo tano ambazo sikunyanyua. Nikizitoa, napata 1,484.

Hakuna aliyegundua. Chakula hakipiti. Nifanye nini?

Mwanao

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kula kwanza.

Wiki yangu ya kwanza kwenye mizani nilisahau kutoa uzito wa toroli. Magunia ya watu yakanenepa bila kulimwa. Nilijisema mwenyewe kwa msimamizi, akanirudishia magunia mia na arobaini niyapime upya, wapakiaji wakinitukana. Niliona aibu, lakini sikufa.

Mficha uchi hazai. Kaseme. Wakikutoa, rudi nyumbani, kitanda chako kipo.

Mama yako

2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Sikuwa na la kukuandikia ambalo lisingekuumiza.

Siku barua yako ilipofika nilimwambia kocha. Alinuna, akafuta jina langu mlangoni kwa kalamu nyeusi nikiwa nimesimama pale pale. Halafu akanipa wiki tatu. Akasema nina haraka ya kuvuta kwa mikono kabla miguu haijamaliza kazi yake. Kila asubuhi nimekuwa nikisukuma sakafu kwa miguu hadi naota nasukuma sakafu.

Jana nilipimwa upya. Nilikipima chuma mwenyewe, nikaingiza namba mwenyewe, kocha akitazama juu ya bega langu. Nilipewa nafasi tatu.

1,479.

1,496. Hapo nilitamani kuketi chini nisiinuke.

Ya tatu nilipiga ukelele hadi wafagiaji wakachungulia dirishani. Niliogopa kuangalia. Kocha ndiye aliyesoma, akasoma tena, kisha akaenda mlangoni, kalamu mkononi.

1,518. Nimo, mama. Na kilo zote nilizinyanyua mimi.

Mwanao, Kijiti